Mzee Nyati Ahesabu Kelele za Kanga

Zamani hizo, wanangu, nyati walikuwa na nyumba za milango miwili na vitanda vya kamba, na wakishakula ugali wa mchana walilala. Mzee Nyati alilala kuliko wote.

Nyuma ya nyumba yake, kando ya njia ya kisimani, Bi Kanga alikuwa akilalia mayai kumi na moja. Zilibaki siku tano yaanguliwe. Mchana mmoja Mzee Nyati aliinuka na usingizi wake kwenda kunywa maji, Kanga akapiga kelele, usingizi ukakatika tena. Akasimama pale akitweta, na jirani yake Kiboko akaja kutazama.

"Wewe Kanga! Kelele zako zimenichosha! Kesho asubuhi nisikukute hapa!"

"Mzee wangu, mayai hayana miguu. Nipe siku tano tu."

"Sikupi hata moja!"

Bi Kanga akalia. Alijua kwamba akiyaacha mayai yatapoa, na yai lililopoa halitoi kifaranga.

Juu ya mti uliokuwa karibu na ua alikaa Kindi. Nguvu za kusukuma hata mlango wa Nyati hakuwa nazo, ila mdomo alikuwa nao. Akashuka, parakacha!

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Usiniletee maneno."

"Maneno gani tena, Mzee? Huyu afukuzwe hata leo. Ila mkubwa kama wewe hafukuzi hivi hivi, watu watakusema. Anapiga kelele ngapi kwa siku?"

"Nyingi!"

"Nyingi ngapi?"

"Nyingi sana!"

Kindi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na Simba akikuuliza, utamjibu hivyo hivyo?"

Mzee Nyati hakupenda kuonekana mjinga mbele ya jirani. Basi wakapatana. Yeye atakaa nyuma ya nyumba, Kiboko atakaa kisimani, kila mmoja na kibuyu chake na kikapu cha njugu. Kelele moja, njugu moja ndani ya kibuyu, ko! Wasisemezane mpaka jua lizame.

Jioni wakamwaga njugu chini. Za Nyati zilikuwa hamsini na mbili. Za Kiboko, tisa.

"Ulilala wewe!" Nyati akafoka.

"Sikulala! Nimehesabu zile kubwa tu. Wewe umehesabu nini?"

"Kelele! Na kupiga mabawa! Na mara zote alizonitazama kwa jicho la kutaka kupiga kelele!"

"Lo! Jicho nalo lina kelele?"

Kindi alijiuma mdomo asicheke. "Wazee wangu, kosa ni letu. Hatukukubaliana kelele ni nini. Kesho hesabuni hivi: akifungua mdomo na sauti ikatoka, kubwa au ndogo, mpaka anyamaze, hiyo ni moja. Jicho halimo. Dharau haimo. Mnayodhani yako moyoni mwake hayamo. Hata mgeni asiyemjua aweze kuhesabu sawa na ninyi."

Siku ya pili Nyati alipata kumi na nne, Kiboko kumi na tatu. Moja ilimpita Kiboko akipiga chafya.

"Kumi na nne!" Nyati akaruka kwa furaha. "Sasa aondoke!"

"Hiyo ni siku moja, Mzee. Huenda aliamka vibaya. Kesho hesabuni tena, na kila mkitia njugu mkumbuke jambo lililotokea kabla ya kelele na lililofuata baada yake."

Mzee Nyati alinung'unika, lakini kazi ilikuwa imeanza kumnogea. Akakubali.

Siku ya tatu jioni Kiboko alisimama, uso ameukunja.

"Jirani, usinikasirikie. Nina njugu kumi na mbili. Katika kumi na moja, ulikuwa wewe unakuja kisimani kunywa maji. Unakanyaga pembeni ya kiota, di! di! di! Kanga analia, 'Kekekeke!' Unashtuka, unarudi nyuma. Naye ananyamaza."

"Na ile ya kumi na mbili?"

"Nilipita mimi," Kiboko akasema kwa sauti ya chini.

Mzee Nyati akakitazama kibuyu chake. Kelele zake zilikuwa kumi na mbili vilevile, na kabla ya kila kelele ni miguu ile ile. Aliiona mchana kutwa, ila hakudhani kwamba na yeye yumo katika hesabu. Aibu ikamshika.

"Tusiamini upesi," Kindi akasema. "Tujaribu. Kwa siku mbili Mzee Nyati atoke kwa mlango wa mbele, nanyi nyote mzungukie upande wa pili kwenda kisimani. Kibuyu kitasema."

Siku ya nne, njugu moja. Siku ya tano, hakuna. Mchana huo Mzee Nyati alilala, akakoroma mpaka kitanda kikatikisika.

Asubuhi iliyofuata kiotani palikuwa na maganda matupu. Bi Kanga huyoo, anavuka njia taratibu, na vifaranga nyuma yake, tii! tii! tii!

Nyati akawahesabu, maana alikwishazoea kuhesabu. Kumi na moja. Kisha akaanza kuhesabu siku. Moja, mbili, tatu... akasimama ghafla.

"Kindi! Siku tano! Ndizo hizo Kanga alizoniomba!"

"Ndizo, Mzee," Kindi akajibu kutoka tawi la juu kabisa.

"Umenidanganya!"

"Katika hesabu ipi?"

Mzee Nyati akazipitia hesabu zote tano. Akatafuta hesabu ya uongo, asiione. Njugu za kibuyu chake alizitia mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya jirani. Akaenda zake kunywa maji, kwa njia ya kuzunguka.

Basi wanangu, kabla hujamwita mwenzako mbaya, sema kwanza amefanya nini, mara ngapi, na wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo.