Vidonge vya Namkunda

Hapo zamani, si zamani za mababu bali za juzi hizi, palikuwa na mfinyanzi milimani Upare, jina lake Namkunda. Maporomoko ya udongo yalimchukua mumewe. Tangu hapo hakupata usingizi, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa.

Akaenda kwa Daktari Mhando, akapewa diazepamu za kutuliza mishipa ya fahamu. Akaambiwa azimeze majuma mawili, kisha arudi. Hakuambiwa kwa nini arudi.

Alilala. Majuma mawili yakaisha, hakurudi. Akaenda kwa Sengasu, muuza dawa, naye kwa huruma akampa bila cheti. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, mwaka ukawa miaka miwili. Ulimi ukawa mzito, vyungu akavisahau motoni, akawa anayumba njiani. Dada yake Nakadori alipouliza, alijibu ni uchovu.

Siku moja Nakadori alimkuta ameanguka mlangoni. Akazikusanya dawa zote, akazitupa chooni. Siku ya pili Namkunda alitetemeka. Siku ya tatu alitoka jasho. Siku ya nne alishikwa na degedege akichoma vyungu, akaangukia makaa kwa mkono wa kulia.

Kwenye hospitali ya wilaya madaktari waliwaeleza dada hao kwamba ubongo ukishazoea dawa hiyo, hupunguziwa kidogo kidogo. Ukinyimwa ghafla, huwaka. Wakamrudishia dawa, wakaipunguza kwa miezi minane. Akapona, akalala bila kidonge. Lakini vidole vitatu havikukunjika tena, na ufinyanzi ukamtoka.

Ukoo ukakaa kikao, ukawaita pia daktari na muuza dawa. Ikaamuliwa kwamba mwenye kosa kubwa atangulie kumwomba Namkunda radhi, wengine wafuate.

Daktari Mhando akasema, "Nilimpa dawa sahihi, kwa siku sahihi. Sikumweleza hatari yake."

Sengasu akasema, "Kila alipokuja alikuwa analia. Ningemfukuzaje?"

Nakadori akasema, "Mimi nilimwona anakufa polepole. Nyie mlimpa, mimi peke yangu nilimwachisha."

Namkunda akautazama mkono wake. "Na mimi niliwaficha wote watatu," akasema. "Kama ni kosa langu, niambieni nijisamehe."

Wanaukoo walitawanyika bila kukata shauri.

Basi ninyi mliosikia, kateni: kati ya hao wanne, nani alistahili kutangulia?