Kipembe cha Mti cha Sista Eliwaza

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambayo mimi bado naililia, zahanati yetu ya mlimani Upare ilikuwa na nesi mmoja, Sista Eliwaza, na kipembe chake cha mti. Alikiweka juu ya tumbo la mjamzito, akatega sikio kusikiliza moyo wa mtoto, na sisi wa kwenye benchi tukanyamaza bila kuambiwa. Jamani, nautamani ukimya ule.

Ikaja mashine. Ukiigusisha tumboni, moyo wa mtoto unasikika chumba kizima. Wakubwa wakaagiza vipembe virudishwe. Sista akaitikia ndiyo, cha kwake akakitia mfukoni.

Namkunda, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amegoma kwenda kliniki. Aliposikia habari za mashine akasema, "Nakwenda kumsikia mwanangu."

Mama mkwe wake, Nakiete, akanuna. "Moyo wa asiyezaliwa hautangazwi kama redio." Lakini akamsindikiza, akimshika mkono kila kona ya mlima. Walifika wanahema.

Mashine ikawekwa tumboni. Du-du-du, mia na ishirini kwa dakika. Namkunda akalia kwa furaha. Nakiete hakuuachia ule mkono.

"Sista," akasema taratibu, "mbona sauti hii inakwenda sawasawa na mshipa wa mkwe wangu ninaoushika hapa?"

Kumbe mashine ilikuwa imenasa moyo wa mama, uliokuwa ukienda mbio kwa kupanda mlima, si wa mtoto. Sista akatoa kipembe, akainama. Benchi zima likanyamaza, kama zamani. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Moyo wa mtoto unajikongoja. Hospitali, sasa hivi."

Namkunda alipasuliwa mchana uleule. Mtoto akatoka hai, wa kike.

Siku ya kumpa jina ukazuka ubishi.

Nakiete akasema, "Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Tena ni mkono wangu uliotambua. Aitwe Nakiete."

Namkunda akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini ningekusikiliza wewe, mtoto angenifia tumboni nimekaa nyumbani. Mimi ndiye niliyeifuata mashine. Aitwe Nambike, kwa marehemu mama yangu."

Sista Eliwaza, ambaye hakujaliwa mtoto na wiki ile alikuwa anastaafu, alitazama chini. "Sikuja kudai. Ila mkono ulitia shaka tu, sikio ndilo lililojua. Miaka thelathini nimesikiliza mioyo ya watoto wa kijiji hiki, na hakuna hata mmoja anayeitwa Eliwaza."

Wote watatu wakalitazama lile toto, limelala kwenye khanga, halina habari. Nami nilikuwepo, nikaona haya kufungua mdomo.

Basi semeni ninyi mnaonisikiliza. Mmoja alishika mkono, mmoja aliifuata mashine, mmoja alificha kipembe. Je, mtoto yule alistahili kubeba jina la nani?