Kibali cha Kisiwa cha Membe

Haya, sogeeni karibu. Mwenye usingizi na asinzie, hadithi hii haina ugomvi na usingizi. Ilitokea mchana kweupe, jua limesimama, na bado waliokuwepo hadi leo wanaulizana kama hawakuwa ndotoni. Mimi ninachotaka kwenu ni kimoja tu: mwishoni mnipe hukumu. Nimeitafuta mwenyewe mpaka nimechoka, na kichwa changu ndicho hiki mnachokiona.

Ras Mkungu ni hifadhi ya taifa iliyo nusu msitu, nusu bahari. Askari wake ni wachache na eneo halina mwisho, kwa hiyo kazi nyingi hufanywa na vikundi vya watu wa mji wa jirani, watu wasiolipwa hata nauli, wanaoacha shughuli zao na kuja kujitolea. Katika watu hao nitawatajia watatu.

Wa kwanza ni Kibwana Shee, kinyozi, wa kikundi cha Wahesabuji. Kila Alhamisi hufunga kibanda chake, hupanda jabali na darubini, akahesabu ndege, kasa na nguva. Nguva mnawajua? Ni wanyama wa baharini, wakubwa, wapole, wanaokula majani yaotayo chini ya maji na kunyonyesha watoto wao kama sisi. Pale Ras Mkungu wamebaki kumi na mmoja. Kipawa cha Kibwana ni jicho: mtu aliyezoea kuuona unywele mmoja uliobaki kisogoni mwa mteja hapitwi na kitu.

Wa pili ni Riziki Mbwarali, mkunga wa zahanati. Siku zake za mapumziko huzamia na wenzake kukata nyavu zilizokwama matumbaweni. Kipawa chake ni subira. Riziki hana haraka na kitu chochote kinachopumua.

Wa tatu ni Bi Somoe binti Hamadi, miaka sabini na miwili, kiongozi wa wapanda mikoko wanaojiita Mikono ya Matope. Kipawa chake ni mkono wa baridi: alichokichomeka kinaota. Watu humtania kwamba akisahau bakora yake matopeni, kesho ataikuta ina majani.

Sasa nisikilizeni habari ya kisiwa, maana hapo ndipo penye roho ya mtu.

Mbele ya Ras Mkungu kuna kisiwa kidogo, Kisiwa cha Membe. Zamani kilikuwa dago, wavuvi wakipiga kambi na wake zao na watoto miezi miwili mitatu. Mama yake Bi Somoe alifia pale kwa homa, akazikwa pale, chini ya mti wa mkadi, Bi Somoe akiwa na miaka kumi na mmoja. Kila mwaka baada ya Ramadhani alikuwa akivuka kwenda kulifagia lile kaburi na kumsomea mamake. Miaka tisa iliyopita hifadhi ikaitisha mkutano: ndege wanakwisha, watu wanakanyaga mayai, kisiwa kifungwe au kisifungwe? Mkono wa kwanza kunyanyuka kwamba kifungwe ulikuwa wa Bi Somoe.

"Na kaburi la mamako?" akaulizwa.

"Mama hana haraka," akajibu.

Tangu siku hiyo, askari kando, hakuna anayekanyaga kisiwani ila mtu mmoja kwa mwaka. Anachaguliwa miongoni mwa wanaojitolea, yule aliyeitendea hifadhi jambo kubwa kuliko wenzake mwaka huo, naye hukaa kisiwani tangu maji yajae mpaka yapwe, akikanyaga pale tu askari alipokanyaga. Kibali hakigawanywi wala hakihamishwi: ukiandikwa wewe, ni wewe. Na mwaka huu askari walirudi kutoka doria na habari mbaya. Bahari inakila kisiwa. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yamefika hatua mbili kutoka kwenye lile kaburi. Mwakani huenda pasiwe na cha kufagia.

Bi Somoe aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye miche yake.

Basi ikafika Alhamisi moja ya bamvua. Alfajiri maji yalikuwa yamejaa kupita kiasi, halafu yakapwa mpaka mbali, bahari ikabaki vioo vioo. Mbingu ilikuwa chini na juu. Ukitembea ufukweni ulikuwa unakanyaga mawingu, nawaambieni, na upepo ulikuwa umesahau kazi yake.

Saa nne asubuhi Kibwana, juu ya jabali, alimwona nguva jike mkondoni. Akamhesabu: mmoja. Lakini yule nguva aliibuka tena pale pale, na tena pale pale. Mara saba. Hali majani, hasogei. Mhesabuji mwingine angeandika mmoja akafunga daftari. Kibwana akajiuliza, mnyama asiyekula kwenye malisho anangoja nini? Akaigeuza darubini kule alikoelekea yule nguva, ng'ambo ya uzio wa fito, katikati ya mikoko michanga. Pale palikuwa na kidimbwi, na ndani ya kidimbwi kitu cheusi. Mtu mwingine angeona gogo. Kibwana aliona gogo linalopumua. Alikuwa ndama wa nguva, aliyepita juu ya uzio alfajiri maji yalipojaa, na sasa maji yamemkimbia. Kibwana akashuka jabali mbio, umri wa miaka hamsini na tano, akipiga simu huku anateleza.

Riziki alikuwa wa kwanza kufika. Ndama alikuwa mkubwa kushinda mtu, tope limemshika, mgongo umeanza kukauka. Kumburuta haiwezekani, angechubuka na uzito wake mwenyewe ungemvunja mbavu. Riziki akaingia matopeni mpaka mapajani. Akalowesha kanga, akamfunika mgongo, akaacha pua wazi. Akachimba tope kwa vidole chini ya kifua ili apate kupumua. Watu wakamletea ndoo za maji kwa kupokezana. Ndama alikuwa anavuta pumzi moja, halafu kimya, kimya mpaka unasema basi amekwenda. Kisha pua zinafunguka, fuu. Kila pumzi Riziki aliingoja kama hana pengine pa kwenda. Alisema naye maneno yale yale anayowaambia wanawake wenye uchungu.

"Polepole, mama. Pumua. Hii nayo itapita."

Muda wa saa nne nzima alikuwa vile. Walioleta maji walianza kunong'ona bila ya kuambiwa, na kutoka mkondoni ikasikika pumzi nyingine, nzito zaidi, ya mama mtu, ikijibu.

Lakini maji ya ndoo hayamrudishi nguva baharini. Jua lilikuwa linapanda, na bahari ikirudi ingekuwa imechelewa. Palihitajika kukatwa mfereji kutoka mkondoni mpaka kidimbwini, maji yanayojaa yafike mapema. Na kati ya mkondo na kidimbwi palikuwa na uzio na mikoko ya Bi Somoe.

Hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo ningependa kulificha, maana nampenda yule bibi. Miaka mitatu nyuma alipotaka kupanda pale, Kibwana alimwonya. "Bi Somoe, hapo si pa mikoko. Hapo ni malisho ya nguva, nawaona kila wiki." Bi Somoe alikuwa na miche elfu mbili inayongoja na sifa mdomoni mwa kila mtu. Akamjibu, "Wewe nyoa vichwa vya watu, matope niachie mimi." Akapanda, akazungusha uzio wa fito ili miche ising'olewe na mawimbi, na kwa ule mkono wake wa baridi ikaota yote. Ndiyo mikoko ile. Ndio uzio ule.

Akaja sasa, na watu wake nyuma. Akauona uzio, akamwona ndama, akamwona Riziki amepiga magoti. Kibwana alimtazama, na mimi namsifu kwa hili: hakusema nilikwambia.

Bi Somoe alilijua lile tope kuliko mtu yeyote. Alijua maji yakishapata njia hayataridhika na mfereji. Yatachukua na miche iliyobaki, ule mstari leo na huu kesho. Hapakuwa na mtu wa kumwamuru, miche ilikuwa yake na wenzake. Akavua ndara. Akashika mkoko wa kwanza kwa mikono miwili, akasema bismillahi kama anavyosema akipanda, akauvuta mpaka ukatoka na mizizi yake.

"Ng'oeni," akawaambia. "Msichague."

Wakang'oa, wakachimba, wengine wanalia wazi wazi. Saa nane maji yakaingia mferejini, mwanzo kama uzi, kisha kama mkono. Kidimbwi kikajaa. Ndama akanyanyuka na ile kanga mgongoni, akageuka taratibu, akapita kwenye pengo ilipokuwa mikoko. Mkondoni zikasikika pumzi mbili kwa pamoja. Hakuna aliyeshangilia. Walisimama tu majini, mbingu imewazunguka miguuni, mpaka kanga ya Riziki ikaja ikielea peke yake.

Wiki haikuisha, mikoko yote ya pale ikawa imekwenda.

Ulipofika wakati wa kibali, Mhifadhi Mkuu, Bwana Lukindo, aliwaita wote watatu. Jambo kubwa la mwaka lilikuwa moja tu, na watu ni watatu.

"Semeni wenyewe," akawaambia.

"Mimi sitajifanya sitaki," akasema Kibwana. "Miaka kumi na minne nawahesabu wale ndege kwa mbali. Sijawahi kuona kiota hata kimoja. Na bila jicho langu, mngemkuta ndama amenuka. Lakini mwandikeni Bi Somoe, ana mzazi wake pale."

"Mimi pia natamani kukanyaga pale kabla bahari haijapamaliza," akasema Riziki. "Na mkiniuliza nani alimweka hai, nitasema ni mimi, sitaona haya. Lakini mwandikeni Bibi."

Bwana Lukindo akashusha pumzi, akadhani kazi imekwisha. Bi Somoe akagonga bakora sakafuni.

"Mnanipa sadaka? Kibali hiki si cha mwenye msiba. Nilinyoosha mkono kisiwa kifungwe, na sheria hii niliitunga pamoja nanyi: anakwenda aliyetenda makubwa. Kama nimetenda makubwa, andikeni jina langu. Kama sikutenda, msinitie aibu mbele ya mama yangu kwa kwenda kwake na haki ya mtu."

"Lakini Bibi, miaka mitatu ya kazi uliing'oa mwenyewe," akasema Riziki.

"Na uzio niliujenga mwenyewe, mwanangu. Mtu akikuangusha, halafu akakuinua, utamshukuru?"

"Inategemea," akasema Kibwana taratibu. "Wengi wakishamwangusha mtu hupita zao. Na wa kuinua kwa mkono uliovunjika ni wachache."

"Basi sema, ni haki yangu au si haki yangu?"

Kibwana akamtazama bibi, akamtazama Riziki. Yule mtu wa jicho safari hii hakuona kitu.

Leo ndiyo siku yenyewe. Mashua ya hifadhi imeshashushwa, maji yanajaa, na yakianza kupwa safari hakuna mpaka mwakani. Wale watatu wamekaa nje ya ofisi kwenye benchi moja. Kibwana ana darubini shingoni, Riziki anachezea ncha ya mtandio wake. Bi Somoe amevaa kanga mpya, ameshika ufagio mdogo wa chelewa, na ukimwuliza wa nini, atakwambia anampelekea jirani. Ndani, Bwana Lukindo ana karatasi yenye nafasi ya jina moja.

Jicho lililoona, subira iliyomshikia ndama pumzi, au mkono uliofunga njia na kisha ukaifungua kwa hasara yake? Msiniangalie mimi. Nimesema tangu mwanzo kwamba imenishinda. Wewe uliyekaa karibu, shika kalamu. Maji hayangoji. Ungeandika jina la nani, na ungetoka vipi kwenda kuwaambia wale wengine wawili?