Chapati ya Maji Isiyonenepesha

Hapo zamani, watu walipokuwa wakipima unga kwa kibaba na uongo kwa pishi, katika mji wa Shindamtama alitawala sultani mmoja jina lake Hamdani bin Seifu. Alikuwa mwema wa moyo lakini mzito wa mwili, na tangu arithi kiti hakuwa amenyanyua kitu kizito kuliko kijiko. Akitaka kupanda ghorofani husukumwa na watumishi wawili, na akifika juu hukaa akihema, ikawa mashauri ya asubuhi husikilizwa alasiri.

Na mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila miaka saba, siku ya Mwaka, mtawala hubeba gunia la mtama begani kutoka lango la ngome mpaka sokoni, akawagawia maskini. Akiliangusha njiani, kiti humwendea ndugu yake wa karibu. Ndugu huyo alikuwa binamu yake, Bwana Nasoro, ambaye alikwisha kushonesha joho la kutawazwa, na kila jioni akipita nalo chini ya dirisha la Sultani, ati analizoesha mabega.

Basi zikiwa zimesalia siku nane, Sultani akaingiwa na hofu. Akawaita matabibu, nao wakamwambia aache chapati za maji, chakula alichokipenda kuliko vyote. Sultani akawafukuza, akamwita karani wake, akamwambia, "Andika. Nataka chapati ya maji iwe chakula cha nyumbani, ipikwe mbele ya macho yangu. Iwe na nguvu ya nyama bila nyama, iwe tamu bila sukari. Kwa siku saba inipe nguvu mikononi, wala isininenepeshe hata kwa uzito wa unyoya. Atakayeweza ataomba atakalo. Atakayeshindwa atafungwa."

Likatangazwa mjini, na siku ile ile wakaja wapishi watatu. Chapati ya wa kwanza ilichuruzika samli. Ya wa pili ilikuwa chungu. Ya wa tatu ilikuwa ngumu hata mbwa wa ngome alipotupiwa aliinusa, akaenda akaizika. Wote watatu wakatiwa gerezani, na yule wa tatu, Haji Mkufu, alikuwa kaka yake Bi Tatu, mke wa Shaali bin Pandu.

Shaali huyu hakuwa na shamba wala kazi. Mali yake yote ilikuwa kanzu moja na ulimi. Mkewe alipopata habari akamwambia, "Mume wangu, kaka yangu amefungwa kwa sababu ya chapati, nawe umelala."

"Nami niende nikafanye nini? Mimi hata uji huniungulia."

"Nenda ukaseme. Hicho ndicho ukijuacho."

Shaali akainuka. Akavaa kanzu yake, akaenda zake ngomeni, akasujudu mbele ya Sultani.

"Maulana, nimekuja kwa shauri la chapati."

"Wewe ni mpishi?"

"La, Bwana wangu. Ila nimelisikia tangazo, nami nimelielewa vizuri kuliko waliotangulia. Umesema iwe chakula cha nyumbani. Na chakula cha nyumbani hupikwa na mwenye nyumba. Je, nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yangu," akajibu Sultani.

"Basi mpishi amepatikana. Mimi nitasimama nikuelekeze."

Mawaziri wakatazamana. Sultani akamgeukia karani, karani akasoma tena maneno yale, akasema yameandikwa hivyo hivyo. Sultani akaona haya kuyakana maneno yake mwenyewe. Akakunja mikono ya kanzu.

Basi Shaali akamwambia choroko zilowekwe mpaka zilainike, kisha zisagwe kwa jiwe. Sultani akapiga magoti, akasukuma jiwe mara tatu, akalala chali. Akapepewa, akaamka, akasukuma tena. Kisha akaambiwa mayai yatakiwa mabichi ya siku ile, na kuku wa ngome hutaga wapendapo, tena hawamjui sultani ni nani. Akawafukuza uani, kilemba kikamwanguka, jogoo akakipanda akawika. Akateka maji kisimani. Akaponda ndizi mbivu ziwe badala ya sukari, akatia iliki na maziwa ya mgando, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho akapaka kikaango mafuta kidogo kwa kijiti cha pamba, akamimina kwa upawa, akasubiri vitobo vitokee juu, akaigeuza.

Chapati ikatoka, nusu nyeusi nusu mbichi. Sultani akanyoosha mkono.

"Taratibu, Maulana," akasema Shaali. "Hii ukiila itakunenepesha." Akaichukua, akaila yeye mpaka ikaisha, akafuta midomo. "Kesho tutajaribu tena."

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Sultani akisaga, Shaali akila. Siku ya tano jiwe lilizunguka kama pia, na kuku wakaanza kumkimbia kwa dhati. Siku ya sita alipanda ghorofani kwenda kuchukua iliki, akashuka, akapanda tena kwa kuwa aliisahau, wala hakuna aliyemsukuma. Lakini mwenyewe hakuona, maana alikuwa akiwaza chapati tu.

Siku ya saba chapati ilitoka ya rangi ya dhahabu, laini, inanukia iliki mpaka wafungwa wakasimama kwenye madirisha. Sultani akaiweka katika sahani, akanawa mikono, akafumba macho, akasema bismillahi. Alipofumbua macho sahani ilikuwa tupu, na Shaali anatafuna.

Sultani akawaka hasira. Akamshika Shaali ukosi wa kanzu kwa mkono mmoja, akamwinua juu mpaka miguu ikaning'inia.

"Ewe mlaaniwa, siku saba napika sijaonja hata ukoko. Chapati yangu iko wapi?"

Shaali, huku akiwa hewani, akasema, "Maulana, uliagiza chapati isiyokunenepesha hata kwa uzito wa unyoya. Mimi katika dunia hii naijua moja tu, nayo ni ile iliyoliwa na mtu mwingine. Uliagiza pia ikupe nguvu mikononi. Sasa nakuomba uutazame mkono wako, kisha uniambie umeshika nini."

Sultani akatazama. Akamshusha, akamwinua tena. Akamweka chini, akamwinua waziri mkuu. Kisha akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mawaziri wakacheka, isipokuwa yule mkuu, ambaye kizunguzungu kilikuwa hakijamtoka.

Kesho yake ikawa siku ya Mwaka. Sultani akabeba gunia lake kutoka langoni mpaka sokoni, na Bwana Nasoro aliposimama njiani na joho lake apate kuona vizuri, Sultani akamwambia, "Ndugu yangu, mkono wa pili hauna kazi," akamtia kwapani, akaenda naye.

Waliporudi, Sultani akamwambia Shaali aombe atakalo. Shaali akaomba wapishi wafunguliwe, na mlango wa jiko la ngome usifungwe kwake. Akapewa vyote viwili, na shemeji yake akaenda nyumbani kwa dada yake, akala, akalala.

Sultani akamvuta Shaali kando, akamnong'oneza, "Nambie kweli. Zilikuwa na ladha gani?"

"Maulana, ya kwanza niliila kwa kuogopa gereza. Ya nne niliila kwa njaa. Lakini ya saba, wallahi, ningeila hata kama ungeniua."

Sultani asingoje zaidi. Akaingia jikoni na kilemba chake cha sikukuu, akapika moja, akaila wima kando ya moto ikiwa bado inamchoma vidole. Alipokwisha akalamba vidole. Kisha akaagiza choroko nyingine zilowekwe, akaenda mwenyewe uani kutafuta mayai.