Pengo la Mkia wa Mwewe

Siku hizi watu humwita kila ndege mwenye kucha kali mwewe, na si sahihi. Kipanga ni kipanga, na mwewe ni mwewe. Kipanga ni msafiri: masika yanapokaribia hupita juu ya vilima vyetu akielekea kaskazini, wala hashuki. Mwewe ni mkazi. Tofauti yao mnayoiona leo ilikatwa kwa kisu, na aliyeshika kisu hicho alikuwa mwanamke wa kilima cha Mavuro, jina lake Namkunda.

Kabla ya hapo mkia wa mwewe ulikuwa mzima kama wa kipanga. Ukiwatazama angani, jua likikupiga machoni, hukuweza kuwatenganisha. Nao watu wa Mavuro hawakupanda kwa kutazama mawingu, maana mawingu yamewadanganya wengi. Walihesabu vipanga. Namkunda, mjane aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake, aliketi juu ya jabali kila asubuhi, na kwa kila kipanga aliyepita alitia kokoto moja katika kibuyu. Kibuyu kikijaa, watu walishika majembe, na mvua haikukawia.

Mwewe alilichunguza jambo hili akaona faida yake. Watu wakienda shambani, vifaranga hubaki uani bila mlinzi. Basi vipanga walipopita alijichanganya nao, akapita juu ya jabali, akazunguka nyuma ya kilima, akapita tena. Kila alipopita, kokoto ililia kibuyuni. Mwaka ule kibuyu kilijaa mapema mno. Watu wakapanda, mvua haikuja, na mbegu zikaungua ardhini kama karanga kikaangoni.

Wengine wote waliacha kutazama juu. Namkunda alirudi jabalini peke yake, na huko akamwona kipanga mmoja akipita na kifaranga kuchani.

"Msafiri gani huyu," alijiuliza, "anayefunga safari na kuku wa jirani yangu?"

Jambo lisilo na ushahidi hakulitangaza.

Mwaka uliofuata mbegu ya Mavuro yote ilitosha kapu moja tu. Mkuu wa kilima, Senzighe, mtoto wa kaka yake Namkunda, alimjia mbele ya watu.

"Shangazi, macho yamezeeka. Mwaka jana ulihesabu nini? Nzi?"

Watu wakacheka, ingawa matumbo yao hayakuwa na kicheko.

"Mwaka huu tunapanda wingu la kwanza likitokea," akaendelea. "Mbegu hii ikiungua, tunakihama kilima."

"Haitapandwa kabla ya kibuyu kujaa, mwanangu," alisema Namkunda. Akalitwaa kapu, akajitwika, akapanda nalo jabalini.

Huko alipaka ulimbo juu ya jiwe, ule utomvu unaonata ambao watoto hutegea ndege, na katikati yake akamfunga kifaranga wake wa mwisho. Vipanga walipita juu bila kugeuza shingo. Mmoja tu aligeuka, akashuka. Miguu yake ilipogusa jiwe haikutoka tena.

"Mama," mwewe akalia, "mimi mpita njia tu!"

"Mpita njia hajui vifaranga wangu wako wapi."

"Basi nitoze ukucha mmoja. Mkia usiuguse! Ndio usukani wangu."

Namkunda alikuwa amekwisha kuchomoa kisu. Kila mbuzi wa Mavuro alikatwa pengo sikioni, ili asichanganyike na mbuzi wa watu wengine.

"Mbuzi wangu wote wana alama," alisema, "na hakuna aliyekufa kwa alama."

Akamkata mkia pale katikati, ukabaki na ncha mbili. Kisha akamsafisha miguu kwa mafuta, akamwachilia. Kumuua kungekuwa rahisi zaidi, lakini mwewe ana ndugu, naye alitaka aende akawaonyeshe.

Siku chache baadaye wingu zito likasimama juu ya kilima. Senzighe na watu wake wakapanda jabalini na majembe.

"Tupe mbegu, shangazi!"

Namkunda aliketi juu ya kifuniko cha kapu, akakikung'uta kibuyu karibu na sikio lake. "Bado kinalia. Kibuyu kilichojaa hakilii. Anayetaka mbegu aniinue kwanza."

Hakuna aliyethubutu kumwekea shangazi mkono. Wakakaa, wakanuna, wakamngoja achoke. Wingu likadondosha matone ya kulowesha vumbi tu, likaenda zake. Senzighe akaweka jembe chini. Tangu hapo naye akatazama juu, na ndege mwenye pengo alipopita akidai kuhesabiwa, ndiye aliyepiga kelele kwanza: "Mkia! Huyo wa kwetu!"

Vipanga wakaendelea kuja, wengi, kimya, wakielekea kaskazini. Asubuhi moja Namkunda alikitikisa kibuyu, nacho hakikulia. Akainuka kutoka juu ya kapu. Mvua iliwakuta watu wakiwa bado shambani.

Na tangu siku hiyo uzao wote wa mwewe huzaliwa na mkia wenye pengo, na mhesabuji wa Mavuro hutazama mkia kwanza ndipo aokote kokoto. Mtazameni mwewe anapoelea juu ya ua. Huupinda mkia wake kushoto, akaupinda kulia, hatulii, kama anayejaribu kuzikutanisha zile ncha mbili. Hazikutani. Vifaranga bado anaiba, hilo sikatai. Kibuyuni hajaingia tena.