Shamba Safi la Nyanzobe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, ila leo msitegemee kucheka. Zamani zile, kwale na binadamu walipokuwa bado wakisemeshana, aliishi mjane aitwaye Nyanzobe. Kijijini kwao shamba safi ndiyo ilikuwa heshima ya mtu, na la Nyanzobe halikuwa na gugu hata moja.

Mwaka mmoja alichoma shamba kabla ya mvua, kama ilivyokuwa desturi. Upepo ukageuka, moto ukala kichaka chote cha kando. Humo ndimo alimoishi Kwale na vifaranga wake watatu.

Kwale akaja na masizi mabawani. Hakumlaani. Alimwomba tu apande palipoungua mbegu za kuchanganya: uwele wa kula, kunde za kutambaa ziwafunike vifaranga, na mbaazi za kuwakinga na macho ya Kipanga. Nyanzobe akakubali, akaapa. Akachanganya mbegu katika ungo mmoja, akazitawanya kwa mkono, bila mistari.

Mvua ikanyesha, zikaota zote, zikasongamana. Kwale akahamia na wanawe, hata sungura wakaja.

Siku moja akapita jirani, Mama Mihayo, akasimama.

"Nyanzobe, hili nalo ni shamba?"

Nyanzobe akaona aibu, akashika jembe, akang'oa nusu ya kunde. Kesho yake Kipanga akachukua kifaranga mmoja. Kwale akaja mlangoni.

"Nyanzobe, chakula tunacho. Tutajificha wapi?"

Nyanzobe akaomba radhi, akasema hatarudia.

Mama Mihayo akapita tena.

"Nyanzobe, hili nalo ni shamba?"

Jembe likashikwa, kunde zilizobaki zikang'oka. Kifaranga wa pili akachukuliwa. Kwale akaja mlangoni.

"Nyanzobe, chakula tunacho. Tutajificha wapi?"

Nyanzobe akaomba radhi tena, safari hii akiangalia chini.

Mara ya tatu Mama Mihayo alipita na wenzake, wakacheka kwa pamoja. Nyanzobe hakungoja hata waulize. Akafyeka mbaazi zote, akaacha uwele peke yake. Msiniambie hakujua. Alijua, wanangu, na mkono wake haukusita.

Kesho yake akakaa mlangoni akingoja kuulizwa. Jua likapanda, jua likashuka, Kwale hakuja. Akaenda shambani, akakuta manyoya ya mama na ya mwana yametapakaa chini ya uwele. Masuke yalikuwa yameiva vizuri, na hapakuwa na wa kuyala. Hata sungura walikuwa wamehama.

Alikuwa bado amesimama pale Mama Mihayo alipopita mara ya nne. Akatazama huku, akatazama kule, akaridhika.

"Sasa hili ndilo shamba, Nyanzobe."

Nyanzobe akamshukuru, kwa sababu kwao mtu akisifiwa hushukuru.

Na hadithi yangu imekomea hapo, sina zaidi.