Kanga na Kapu la Kunde la Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo ndiyo sauti ya watu waliokula ugali wote ule? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Atakayesinzia nitamtaja jina mbele ya wenzake, awe mtoto, awe baba yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakilima. Ndiyo, walilima! Ngiri akichimbua kwa pembe zake za mdomoni, Digidigi akitoboa mashimo kwa kwato, tuku, tuku, tuku. Na Kanga naye alikuwa na shamba lake la kunde chini ya kilima. Najua, najua, kanga hula mbegu. Huyu alikuwa na adabu. Msinikatize.

Wanyama wa bonde lile walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyepanda mbegu bila kuijaribu. Unachota konzi moja, unahesabu kunde kumi, unazifunga ndani ya jani la mgomba lenye majimaji, unaweka karibu na meko. Baada ya siku chache unafungua. Zikiota tisa, mbegu njema hiyo, panda moja moja kila shimo. Zikiota tano, panda mbili mbili. Isipoota hata moja, pika ule, ulale. Watoto wa bonde lile walifundishwa zoezi hilo kabla hawajafundishwa kuamkia wakubwa.

Sasa mwaka mmoja, fukusi wakaingia ghalani mwa Kanga. Kere, kere, kere! Wakatafuna kunde zote, wakaacha unga. Kanga alikuwa mjane, na vifaranga wake walikuwa bado wadogo. Kilichobaki nyumbani ni viazi vikuu tu, rundo moja, chakula chao cha kungojea mavuno. Na mvua ilikuwa karibu.

Akatokea Nyani. Ametoka ng'ambo ya vilima, jasho linamtiririka, mzega begani, kapu huku na kapu huku.

"Hodi, mama Kanga!"

"Karibu, baba. Umebeba nini?"

"Nimebeba shibe yako! Kunde za mbegu. Nasikia fukusi wamekutembelea. Pole sana, mama. Nipe rundo lile la viazi, nikuachie kapu zima."

Kanga akaangalia viazi. Akaangalia vifaranga. Akitoa viazi na kunde zisiote, hana viazi, hana kunde, na hao wadogo watakula nini? Mawe?

"Nitazijaribu kwanza," akasema.

"Jaribu, mama! Nani amekukataza?" Nyani akatumbukiza mkono wake mwenyewe juu ya kapu, akachota konzi, akammiminia. "Hizo hapo. Kizuri chajiuza!"

Kanga akahesabu kumi, akafunga, akaweka mekoni. Siku ya kufungua jirani zake wakaja kushuhudia. Kufungua hivi, lahaula! Zote zimeota. Kumi kwa kumi! Vichipukizi vyeupee, vimejikunja vizuri.

Digidigi, jirani wa mpaka mmoja na Kanga, akaruka juu. "Kapu la pili ni langu! Nyani, njoo uchukue viazi vyangu sasa hivi!" Wakabadilishana palepale. Digidigi akakimbilia shambani, tuku, tuku, tuku, anapanda moja moja kila shimo.

Na Kanga? Kanga amesimama. Ameinamisha kichwa upande, mnajua kanga wanavyofanya.

"Mama, vipi tena?" Nyani akauliza. "Hujafurahi?"

"Nimefurahi mno, ndiyo maana naogopa. Tangu nianze kujaribu mbegu, za kwangu, za mama yangu, za bibi yangu, sijawahi kuona zote zikiota. Moja hugoma. Mbili hugoma. Hizi zako hazigomi?"

"Ni kwa sababu ni nzuri!"

"Labda. Lakini baba, ile konzi niliyojaribu, aliyeichota nani?"

Nyani akajikuna.

"Uliichota wewe. Na uliichota wapi? Juu. Mimi sitapanda kunde za juu tu, nitapanda kapu zima. Naomba nichote mwenyewe."

Weee! Nyani akavimba. "Unaniita mwizi? Mimi, mgeni, mbele za watu?"

Ngiri naye akamrukia Kanga. "Aibu hii, mama! Mgeni anatukanwa hivi? Na mvua hiyo inakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Matumbo yatakayoumia ni ya wanangu, si yako," Kanga akasema. "Nyani, kama ni nzuri juu na chini, kuchota chini kutakupunguzia nini?"

Ngiri akamtazama Nyani. Nyani akatazama mawingu.

Basi Kanga akatandika mkeka, akalipindua kapu, mwaaa! Kunde zikatapakaa. Kwa macho zilikuwa zile zile, nyekundu, zinang'aa. Kanga akaingia katikati, akaanza kuchakura. Kuchakura ndiyo kazi yake, nani atamfundisha? Vifaranga wakaingia nao, wakaimba, na ninyi mniitikie:

*Chakura, mama, chakura!*
*Za juu ziende chini,*
*za chini zije juu,*
*chakura, mama, chakura!*

Chaka-chaka, chaka-chaka! Zikachanganyika hata hakuna ajuaye za juu ni zipi. Kisha Kanga akafumba macho, akachota kumi. Akafunga jani. Akachanganya, akafumba macho, akachota kumi nyingine. Akafunga jani. Tena. Na tena. Majani manne mekoni.

"Yote hayo ya nini?" Nyani akalalamika. "Moja halitoshi?"

"Konzi moja huweza kuwa na bahati, baba, nzuri au mbaya. Konzi nyingi zikisema neno moja, hiyo si bahati tena."

Wakangoja. Ngurumo zikaanza, gururu, gururu. Manyunyu yakadondoka. Digidigi amemaliza kupanda, anapita anacheka, "Jirani, bado unachemsha majani?" Kanga anasukuma kuni mekoni. Usingizi hauji. Anawahesabu vifaranga wake, anahesabu viazi, anawahesabu tena vifaranga. Aliogopa, jamani, msidhani hakuogopa. Mvua kubwa ikimkuta hana mbegu, atakuwa amejiponza mwenyewe.

Siku ya kufungua ikafika. Jirani wote tele.

Jani la kwanza: zimeota tatu.

"Bahati mbaya hiyo!" Nyani akaruka. "Si mmesikia mwenyewe alivyosema? Konzi moja!"

Jani la pili: nne. Nyani akakaa.

Jani la tatu: mbili. Nyani akainama.

Jani la nne: tatu. Nyani akaufunika uso kwa mikono.

"Tatu, nne, mbili, tatu," Kanga akasema. "Zinazunguka palepale. Kapu lako, baba, katika kila kumi, kama tatu hivi ndizo hai. Zingine zilikufa zamani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wewe umetembea vilima vingapi?"

Hapo Nyani akalia. Ndiyo, Nyani mzima. "Mama, nami nilipigwa hivi hivi. Nilitoa asali yangu yote kwa makapu haya mawili. Nilionyeshwa konzi ya juu, ikaota yote. Nilipojua, aliyeniuzia ameshatoweka."

"Ukaona dawa yake ni kunipiga mimi?"

Nyani akafuta machozi kwa mkia. Ngiri akataka kumrukia, na safari hii meno yote nje. Kanga akamzuia.

"Mwache. Mimi nataka mbegu, na yeye ana njaa. Nyani, kwa kila viazi kumi ulivyotaka, nitakupa vitatu. Kunde hai tatu, viazi vitatu. Na Digidigi umrudishie vyake kwa kipimo hicho hicho, saba katika kila kumi."

Nyani hakuamini masikio yake. Alitegemea fimbo, amepata chakula. Akaitikia haraka, kabla Kanga hajabadili mawazo. Na Digidigi, maskini, akarudi shambani na kunde zilizobaki kapuni, tuku, tuku, tuku, anatoboa upya huku mvua inampiga. Hakuna aliyemcheka. Haya, mmoja alimcheka, alikuwa Ngiri.

Kanga akapanda nne nne kila shimo. Shamba lake likawa dogo kuliko alivyotaka, sitawadanganya. Mashimo mengine hayakutoa kitu. Mengi yalitoa mche mmoja, mengine miwili, na shimo moja lilitoa yote minne, bahati yake hilo. Lakini shamba likasimama, kijani mpaka mpakani. Na vifaranga wakala viazi vyao wakingoja, hawakulala na njaa hata siku moja. Kunde zilipokomaa wakala mpaka wakashindwa kukimbia, wakalala shambani miguu juu, na mama yao akawatazama, akacheka mwenyewe kwa raha.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: usilipime kapu zima kwa konzi aliyokuchotea muuzaji. Changanya, chota mwenyewe, kisha chota tena. Na ukishaujua ukweli, usimpige nao mwenzako, mpimie haki yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo njema ichukueni nyote, na kama ina mbovu ndani yake, niachieni mimi nikapike.